Watani au Mahasimu? Lugha ya Fainali ya Mwaka 2021 Kama Ilivyosikika Ifakara

Mwezi Julai mwaka 2021 tulikuwa Ifakara kwa kazi isiyohusiana hata kidogo na mpira wa miguu. Tulikuwa tukikusanya maneno ya kilimo cha mpunga na ya uvuvi wa mtoni katika bonde la Kilombero, ili yalinganishwe na rasimu ya istilahi za kilimo iliyokuwa mezani petu. Kazi ilikwenda vizuri hadi ilipofika Jumapili ya tarehe 25. Siku hiyo hatukumpata hata mtu mmoja aliyekuwa tayari kutueleza tofauti ya jaruba na kitalu. Fainali ya Kombe la Shirikisho ilikuwa ikichezwa Kigoma, katika uwanja wa Lake Tanganyika, baina ya Simba na Yanga, na kila aliyeweza kutembea alikuwa ameelekea palipo na televisheni. Nasi tukafuata. Daftari tulilolichukua kwa ajili ya mpunga likajaa maneno ya mpira, na makala haya yametokana na daftari hilo.

Si nia yetu kuhakiki mchezo wenyewe; wako wanaoijua kazi hiyo kutushinda. Tunachokusudia ni kuhakiki lugha ambayo kwayo mchezo wa namna ile hufikishwa kwa wasikilizaji, na hasa istilahi moja ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeikosea. Yafaa tukiri mapema. Katika rasimu ya istilahi za michezo tuliyoishughulikia mwaka mmoja kabla, mbele ya maneno "watani wa jadi" tulikuwa tumeandika kwa wino mwekundu "mahasimu wa jadi", na pembeni tukatoa sababu: kwamba mtani ni neno la mzaha, lina maana nyingi, na kwa hiyo halistahili kuingia katika orodha ya istilahi. Sababu hiyo ilionekana madhubuti kabisa tulipoiandika. Ilikuwa imeandikwa na mtu aliyeketi kitini, mchana, mjini, pasipo mtani yeyote karibu.

Kwa faida ya msomaji asiyefuatilia mpira, tuseme machache. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Hii ya pili iliitwa Sunderland hadi mwaka 1971. Makao ya moja yako Jangwani na ya nyingine Mtaa wa Msimbazi, yote katika eneo la Kariakoo, Dar es Salaam, hatua chache kwa miguu. Zimekutana mara nyingi zisizo na hesabu, lakini michezo ya kuamua bingwa ndiyo inayokumbukwa. Zilikutana katika fainali ya klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati huko Zanzibar mwaka 1975, zikakutana tena huko huko mwaka 1992, na Dar es Salaam mwaka 2011. Mchezo wa tarehe 10 Agosti 1974 katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, haukuitwa fainali, lakini ndio ulioamua ubingwa wa taifa. Yanga ilishinda mabao 2 kwa 1 katika muda wa nyongeza. Wazee wa Ifakara tuliowasikia wakiusimulia huusimulia kana kwamba ulichezwa wiki iliyopita, ingawa waliupata kwa redio tu, nyakati ambazo reli ya kwenda Zambia ilikuwa bado ikijengwa.

Ama huo wa Kigoma, ulikuja siku 22 baada ya Yanga kuifunga Simba bao 1 kwa bila katika ligi. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na kipindi cha pili kilipoelekea ukingoni Taddeo Lwanga, kiungo wa Simba kutoka Uganda, akafunga kwa kichwa mpira uliotoka kona. Ukaisha hivyo, bao 1 kwa bila.

Tulikaa katika ukumbi wa aina ambayo watu huiita kibanda umiza: mabenchi ya mbao, paa la bati, televisheni moja iliyotundikwa juu, na kiingilio kinacholipwa mlangoni. Jina lenyewe halihitaji maelezo kwa mtu aliyekaa humo dakika tisini. Wenye nyekundu walikaa upande mmoja, wenye kijani na njano upande wa pili, na nyuma yetu aliketi mzee mmoja Mndamba, mvuvi wa zamani, ambaye siku mbili kabla alikuwa ametufundisha majina ya mitego ya samaki. Tutamtaja tena.

Tuanze na maneno mazuri, kwani ni mengi, na wanaoyatunga hawashukuriwi inavyopasa. La kwanza ni kuotea. Neno hili lina sura ya kitu kilichotoka kinywani mwa watu wala si katika meza ya kamati. Kuotea ni kazi ya mwindaji: kujificha pale mnyama atakapopita na kumngoja. Sheria ya mpira juu ya jambo hili ni ndefu, ina habari za mpira ulipo, za mchezaji wa pili kutoka mwisho, na za nusu ya uwanja. Anayejaribu kuifasiri neno kwa neno hutoka na sentensi ambayo hakuna mtangazaji awezaye kuitamka kabla mpira haujafika upande wa pili. Kuotea husema yote kwa silabi nne, na zaidi ya hayo hubeba lawama ndani yake. Anayeotea hakusimama mahali fulani kwa bahati mbaya. Anangoja mahali asipopaswa kungoja. Kibendera kilipoinuliwa mara ya kwanza siku ile, mzee yule alisema kwa sauti ndogo, "Ameotea vibaya, mnyama kamwona."

Hapo hapo lakini pana dosari ambayo watangazaji wetu wengi hawajaiondoa. Sheria hutenganisha mambo mawili: kuwa mahali pa kuotea, jambo ambalo peke yake si kosa, na kuushiriki mchezo ukiwa mahali hapo, ambalo ndilo kosa. Kiswahili kinao uwezo wa kuyatenganisha bila kutunga neno jipya. Tungesema "yuko mahali pa kuotea" kwa lile la kwanza na "ameotea" kwa la pili. Aghalabu mtangazaji husema "ameotea" kwa yote mawili, kisha mwamuzi anapoacha mchezo uendelee, ukumbi mzima humtukana mwamuzi kwa kosa la mtangazaji. Si jambo dogo. Watu hugombana kwa ajili yake.

La pili ni nyavu. Mshambuliaji huzitikisa, hucheka nazo, huzifumania. Kuzifumania nyavu ni usemi ambao tungejivunia kama tungeutunga sisi, kwani kufumania ni kumkuta mtu ghafula katika jambo alilolificha, na goli lililolindwa dakika themanini ni siri ya namna hiyo. Tulidhani mvuvi wetu angekuwa na la kusema juu ya matumizi haya ya chombo chake cha kazi. Alisema tu kwamba mtoni mtu hutikisa wavu kuondoa majani.

Maneno kama kiungo, kanzu, tobo, chenga na danadana tunayapita upesi, si kwa sababu ni hafifu, bali kwa sababu yamekwisha kujitetea yenyewe. Kombe linastahili neno moja zaidi. Kabla ya kuwa la fedha na kuinuliwa juu ya vichwa, kombe lilikuwa chombo kikubwa cha kulia, na katika bonde hili ambako wali ndio chakula chenyewe, kumwambia mtu kwamba timu yake imerudi bila kombe ni kumwambia kwamba imerudi na njaa. Utani huo tuliusikia siku ile mara nyingi.

Kuna usemi mmoja ambao ulisahihishwa mbele ya macho yetu. Watangazaji wamezoea kusema kwamba mchezaji "amelimwa" kadi. Tonombe alipotolewa, kijana mmoja aliyevaa nyekundu alipaza sauti: "Hakulimwa huyo, kapaliliwa!" Ukumbi ukacheka, hata wa kijani wawili watatu, na sisi tukaandika. Kijana yule alikuwa na haki kwa mujibu wa jembe. Kinacholimwa ni shamba. Kinachong'olewa ili mazao yapumue ni magugu, na kazi hiyo ni kupalilia. Iwapo mwamuzi anamwondoa mtu mmoja ili wengine wacheze vizuri, basi kitenzi cha mkulima wa mpunga ni sahihi kuliko cha mtangazaji. Hatusemi kupaliliwa kuchukue nafasi ya kulimwa kesho asubuhi. Tunasema tu kwamba sikio la Ifakara lilisikia kosa ambalo sikio letu halikulisikia kwa miaka yote.

Sasa tuje kwenye maneno mabaya. Yanga ilipobaki na wachezaji kumi, mlinzi wa mlango wa kibanda, ambaye alikuwa amekosa nafasi ya kuona, aliuliza kwa nini wanasema basi limepakiwa, na basi gani. Usemi wa kupaki basi umeletwa mzima mzima kutoka Uingereza, ukavishwa viambishi vyetu, na kuachwa ujitafutie maana. Kiswahili kilikwisha kusema kujazana nyuma, na kujenga ukuta, na msikilizaji alielewa. Klinishiti na asisti ni hivyo hivyo: timu hutoka bila kufungwa, na mchezaji hutoa pasi ya bao. Tueleweke vizuri. Hatuchukii maneno kwa sababu ya kwao. Goli, penalti, kona, kipa, fainali, yote ni wageni waliokwisha kupewa uraia, tena robo fainali na nusu fainali ni ndoa za heri baina ya mgeni na mwenyeji. Swali letu kwa kila neno ni moja: lilikuja kufanya kazi ambayo haikuwa na mtu, au lilikuja kumwondoa aliyekuwa akiifanya?

Hapa lilitokea jambo lililotufundisha zaidi ya tulivyotarajia. Katikati ya kipindi cha pili umeme ulikatika. Baada ya makelele ya kawaida, mtu mmoja alifungua redio katika simu yake, akaiinua juu, na watu zaidi ya mia wakanyamaza kama walio msikitini. Lugha ilibadilika ghafula. Mtangazaji wa televisheni, kwa kuwa picha ipo, hutaja majina ya wachezaji na kuacha jicho limalizie. Wa redio hana ruhusa hiyo. Lazima aseme mpira uko upande gani, umefika wapi, ni nje au ndani ya kumi na nane, nani anamkabili nani na kwa umbali gani. Hiyo kumi na nane nayo ni ajabu ndogo ya lugha: yadi za Mwingereza zimesahauliwa, namba imebaki kuwa jina la mahali. Watangazaji wa Radio Tanzania wa zamani, kina Ahmed Jongo na Charles Hilary, walijenga istilahi za mpira kwa lazima hii, kwa ajili ya watu wa mahali kama Ifakara ambao hawakuwahi kuuona uwanja. Ndiyo sababu maneno yao yamedumu. Tunashuku kwamba kupaki basi ni neno la mtu ambaye msikilizaji wake ana picha mbele yake. Redioni lingekufa siku ya kwanza.

Umeme ulirudi, na baada ya muda bao likafungwa. Na sasa tuseme habari ya watani.

Katika miaka ya karibuni mchezo wa Simba na Yanga umezoeleka kuitwa "dabi ya Kariakoo". Neno dabi ni la Kiingereza na maana yake ni mchezo wa timu za mji mmoja au za jirani. Si neno baya. Limekwisha kufanya kazi yake pia katika "dabi ya Mzizima", yaani Simba na Azam, kwani Mzizima ni jina la kale la Dar es Salaam. Kwa hiyo dabi hutaja mahali. Lakini mchezo wa tarehe 25 Julai 2021 ulichezwa Kigoma, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Kariakoo, na sisi tuliuona Ifakara, katika ukumbi ambao sidhani kama ulikuwa na watu watatu waliowahi kulala Kariakoo. Jina la mahali halikuwa na mahali. Jina lililofanya kazi humo ndani lilikuwa jingine, na lilitamkwa bila kukoma: mtani, mtani wangu, watani.

Hilo ndilo lililotushtua kwanza kama watu wa istilahi. Tulikuwa tumelikataa neno mtani kwa kuwa eti halina mipaka. Kumbe lina mipaka kuliko mengine yote. Kila timu inayocheza na Simba ni mpinzani wa Simba. Azam, iliyo katika mji uo huo na ambayo Simba iliitoa katika nusu fainali ya kombe hilo hilo, ni mpinzani, na ni timu ya dabi. Lakini muulize shabiki yeyote kama Azam ni mtani. Mtani ni mmoja tu, huwezi kumchagua, na ulimkuta ulipozaliwa. Ndiyo maana ya "wa jadi". Istilahi inayoweza kumtenga mmoja miongoni mwa wengi bila kosa ni istilahi nzuri, na yetu ya wino mwekundu haikuweza, kwani mahasimu unaweza kuwa nao hata kumi.

Tena hasimu ni mtu wa namna gani? Asili ya neno ni Kiarabu, nalo humtaja mtu mnayegombana naye katika daawa. Uhasama una mwisho: hukumu hutolewa, au damu humwagika, au watu huhama. Utani hauna mwisho wala hautafuti mwisho. Baada ya kadi ile nyekundu vijana wawili walisimama kifua kwa kifua katikati ya mabenchi, na mwenye kibanda, mama mmoja mwenye sauti ya kutosha, akawaambia: "Hapa tunakaa watani. Mwenye uhasama akapande gari aende Kigoma." Wakakaa. Hatudai kwamba neno lilitosha. Mama yule alikuwa pia na fimbo. Lakini hakuna aliyemwuliza maana ya maneno hayo mawili, na tofauti yake ilieleweka mara moja na watu waliokuwa tayari kupigana.

Jumatatu tulirudi kwa yule mvuvi, tukamweleza habari ya rasimu yetu kwa fahari kidogo, kwamba sasa tumeongoka na tutalirudisha neno watani. Hakufurahi kama tulivyotazamia.

"Ninyi watu wa kamusi mnadhani utani ni maneno," alisema. "Utani ni kazi."

Akatueleza, nasi tunaeleza kwa kifupi. Utani wa makabila ulifuata vita. Wahehe na Wangoni walipigana vikali katika karne ya kumi na tisa, na leo ni watani. Na bonde la Kilombero, ambamo Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wanakaa pamoja, linazo kumbukumbu zake za majeshi yaliyopita. Watu wakichoka kuzikana, mzee alisema, ndipo hupatana kutukanana. Lakini ruhusa ya kutukana ina bei yake. Mtani ndiye anayekuja msibani akashika kazi ambayo wafiwa hawawezi kuishika. Hufanya mzaha wakati hakuna mwingine anayeruhusiwa. Huzuia njia ya kaburini hadi apewe kitu. Na hakuna awezaye kumkasirikia. Kisha akatuuliza: "Simba wakifiwa, Yanga wanachimba?"

Tulijibu kwamba hutuma salamu za rambirambi.

"Rambirambi si jembe."

Tuliandika jibu hilo na hatukuwa na la kulipinga. Mchana wa siku hiyo vijana waliovaa nyekundu walipita mtaani na jeneza la maboksi lililopakwa kijani na njano, wakiimba, jambo ambalo hufanywa nchini kote baada ya michezo ya namna hii. Walipokaribia nyumba moja iliyokuwa na msiba wa kweli walinyamaza, wakaliweka jeneza lao chini ya mwembe, wakaingia kutoa pole. Alasiri, makaburini, tuliona jezi nyekundu na jezi ya kijani zikipokezana jembe katika shimo moja. Tulimgeukia mzee kwa furaha ya mtu aliyepata ushahidi. Akatazama kidogo. "Wale ni majirani tu," alisema. "Usitafute unachokitaka."

Basi tuna mambo mawili yasiyokubali kukaa pamoja. Kwa upande mmoja neno watani, katika mpira, ni sahihi kimaana, linaeleweka Ifakara na Kigoma sawasawa, na lina nguvu ya kuwarudisha watu kwenye mabenchi. Kwa upande mwingine mwenye utani wa asili anatuambia kwamba limeazimwa nusu: tumechukua ruhusa tukaacha jembe. Wala hasemi uongo. Tulisikia siku ile matusi ambayo hayana nafasi katika utani wowote, hasa yaliyoelekezwa kwa wanawake waliokuja na jezi zao, na kila aliyekemewa alijibu "utani tu huo, dada". Neno lililomkalisha mmoja chini lilimpa mwingine mahali pa kujificha.

Mwenzetu mmoja katika kazi hii, tulipomsomea maelezo haya, alishauri turudi kwa mahasimu ili tuepukane na taabu yote. Hatukubali. Kosa haliko katika neno bali katika maelezo yake. Tukilieleza mtani kuwa ni mtu wa kufanyiana naye mzaha, kama ilivyo desturi, tumelifunga katika nusu ile ile iliyoazimwa, na mwenye kutukana ana haki ya kutuonyesha ukurasa. Maelezo tuliyoyapeleka katika rasimu mpya ni haya: mtani wa jadi, katika michezo, ni timu au shabiki wa timu iliyo na ushindani wa kurithiwa na timu nyingine moja mahususi, ushindani unaoruhusu kejeli na kukataza uadui. Mwenzetu huyo akapinga tena, kwamba istilahi hueleza kilichopo, haiamrishi. Pingamizi hilo lina uzito mahali pengine. Katika mpira halina. Kuotea, faulo, penalti, kadi, mwamuzi: hakuna hata istilahi moja ya mchezo huu isiyo na katazo ndani yake. Kwa nini ile inayowahusu watazamaji peke yake iwe haina?

Ndugu zetu wa Kenya wamepita njia ya jirani na hii. Mchezo wa Gor Mahia na AFC Leopards huitwa huko dabi ya Mashemeji. Wamechukua neno la kigeni kwa ajili ya mchezo na neno la ukoo kwa ajili ya watu, na shemeji, kama ajuavyo kila aliyeoa, ni mtu unayeweza kumtania leo na ambaye kesho utahitaji msaada wake. Hatuoni sababu ya dabi na watani kupigana kwetu. Dabi ibaki na mahali, watani ibaki na watu. Kinachotusumbua ni pale mtangazaji anapotumia la kwanza kwa kuwa ni jipya na kuliacha la pili liende kwa kina mama wenye vibanda.

Kadi yenye "mahasimu wa jadi" tumeifuta. Kuhusu kupaliliwa, tumelihifadhi pamoja na jina la mahali na tarehe, bila pendekezo. Tunawaomba wasomaji wa mikoa mingine, na wa nje ya mipaka yetu, watuandikie mambo mawili: timu mbili za kwao zilizo katika hali hii huitanaje, na je, wanalo neno fupi kuliko kujazana nyuma ambalo linaweza kutamkwa redioni kabla mpira haujatoka nje. Maneno ya majaruba na mitego ya samaki, ambayo ndiyo tuliyotumwa, yatatoka katika toleo lijalo. Mzee amekwisha kuyapitia na amekata matatu.